Mafuta ya Nyumbani na Heshima ya Ngozi

Utajapo utamaduni wa taifa, watu wengi hufikiri juu ya ngoma, nyimbo, vinyago na hadithi. Ni mara chache mtu ye yote hukikumbuka kibuyu cha mafuta. Hata hivyo, katika kila pembe ya nchi yetu watu walikuwa na namna yao ya kutengeneza mafuta ya kujipaka, na ndani ya kazi hiyo mlikuwa na elimu na adabu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kazi hiyo ilivyokuwa, jinsi ilivyopungua, na jinsi ilivyorudi majumbani kwa sura tusiyoitazamia.

Tuanze Pwani. Nazi pevu hukunwa kwa mbuzi, hufikichwa kwa maji ya uvuguvugu, na tui huchujwa kwa kifumbu. Tui huachwa usiku kucha ili lile zito lijitenge juu, kisha huenguliwa na kuchemshwa kwa moto mdogo. Maji hukauka polepole, mafuta hupanda, na mashapo hugeuka rangi ya kahawia. Hapo ndipo ujuzi unapotakiwa. Mafuta yakiepuliwa mapema hubaki na maji na kuchacha upesi; yakicheleweshwa huungua na kunuka moshi. Kwa hiyo mpishi hodari hutega sikio: mvumo wa kuchemka ukinyamaza, maji yamekwisha. Bibi arusi naye aliandaliwa kwa singo na kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi, na somo wake ndiye aliyemfundisha kuutunza mwili.

Bara, mahali pengi palitumika mbarika, yaani mnyonyo. Mbegu zilikaangwa kidogo, zikatwangwa, zikachemshwa katika maji mengi, na mafuta yakaenguliwa. Mbegu hizo zina sumu kali, lakini sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, na moto huiharibu. Wazee hawakuwa na jina la kitaalamu la sumu hiyo. Walijua tu kwamba mbegu hazitafunwi, na kwamba mafuta yake hayapatikani bila moto. Wafugaji walijipaka siagi na shahamu, na Wamaasai walichanganya shahamu na udongo mwekundu.

Watu hao wote walijua jambo moja. Mafuta hayaongezi maji mwilini; huyazuia yaliyomo yasipotee. Ndiyo maana mtoto alipakwa mara tu baada ya kuogeshwa, kabla hajakauka. Wahenga waliosema "Ngozi ivute ili maji" walikusudia ngozi ya mnyama, lakini kila mama aliyeshika kibuyu angaliweza kuwaitikia.

Kupungua kwa kazi hiyo kulianza na biashara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille, Ufaransa, walinunua ufuta na mbata za Pwani yetu kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni. Mali ghafi ikatoka kwa majahazi na merikebu, na bidhaa zikarudi madukani. Huko Marekani, mwaka 1872, Robert Chesebrough alipata hati ya uvumbuzi wa mafuta ya mgando yatokanayo na petroli. Mafuta hayo hayachachi wala hayahitaji kukuna nazi, na kwa haki hatuwezi kuyalaumu. Kilichofuata nyuma yake ndicho cha kulaumiwa: krimu zilizoahidi kumbadili mtu rangi.

Serikali na chama havikunyamaza. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita nguo fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika. Lakini mzigo wa makemeo uliwaangukia zaidi wanawake, na amri peke yake haimfundishi mtu kuipenda ngozi yake.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, sabuni na mafuta viliadimika madukani. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi nilimwona mama akiitoa tena mbuzi ya kukunia nazi, safari hii si kwa mchuzi. Tulikwenda shule tukinukia tui, wala hakuna aliyemcheka mwenzake. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipolegezwa, maduka yalijaa tena, na kibuyu kikarudishwa darini.

Hapo ndipo ulipozuka mkorogo. Mtu hununua krimu mbili tatu, huzichanganya kwa mkono wake mwenyewe, huziweka katika kopo na kujipaka. Tazama ajabu hiyo: kazi ya nyumbani haikufa, bali imegeuzwa nia. Bibi alikoroga ili kuilisha ngozi. Mjukuu hukoroga ili kuiondoa. Ndani ya kopo hilo huweza kuwamo zebaki, ambayo hudhuru figo, haidrokwinoni, na dawa za jamii ya steroidi ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Weusi unaochubuliwa ndio ngao ya kulikinga jua. Dada yangu wa tumbo moja alijipaka mkorogo kwa miaka kadhaa. Alipoacha, mashavu yake yalibaki na mabaka ya buluu, naye huketi nyuma kila tupigapo picha ya ukoo.

Tangu Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, taifa lina chombo cha kudhibiti vipodozi, kazi ambayo mwaka 2019 ilihamishiwa Shirika la Viwango. Hayo ni mema, lakini hakuna mkaguzi awezaye kuingia katika kila chumba cha kulala.

Sisemi kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Huchacha yakiwekwa vibaya, na mwenye maradhi ya ngozi aende hospitali. Nasema tu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kizuri chetu tumekiacha darini. Yafaa somo la kupika mafuta lifundishwe shuleni, kwa wavulana na wasichana, pamoja na sababu zake. Mtoto aliyekwisha kusikia sufuria ikinyamaza, akajipaka alichokipika mwenyewe, atakuwa amejifunza kwamba ngozi yake ni kitu cha kutunzwa, si kosa la kusahihishwa.