Kampuni na Ukwangala

Mwanafunzi wa Isongole, kata iliyo kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, akiona jina la kitabu kiitwacho Good Company, alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951 juu ya Wanyakyusa na vijiji vyao vya marika, aghalabu atadhani kuwa habari zake ni za kampuni njema iwalipayo wakulima wa chai bila dhuluma; wala si wa kulaumiwa, maadamu neno hilo limetufikia likiwa limekwisha kuvaa kanzu ya biashara.

Asili yake ni Kilatini, katika maneno mawili yenye maana ya “pamoja” na “mkate”, nalo lilipita katika Kifaransa kabla ya kuingia Kiingereza. Wafanyabiashara na askari walilitwaa wakalifanyia kazi zao, ndiyo sababu sisi tuna kampuni na kombania, ilhali maana ya kale, ile ya suhuba, haikuvuka bahari.

Wasemao Kiurdu walipatwa na jambo lilo hilo mapema kuliko sisi. Kampuni ya Mashariki ya Hindi, iliyopewa hati na Malkia Elizabeth mwaka 1600, haikutosheka na pamba na viungo, bali ilitwaa kodi, majeshi na mahakama, hata ikaitwa Kampani Bahadur, kwa lakabu wapewayo mashujaa na wakubwa. Na dola hiyo ya wachuuzi haikukoma ila mwaka 1858. Maulvi Abdul Haq alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza na Kiurdu mwaka 1937, neno hilo lilikuwa limekwisha kuwatawala wasomaji wake kabla hawajafunuliwa maana yake.

Pwani yetu nayo haikusalimika. Kampuni ya Carl Peters ilipata hati ya Kaisari mwaka 1885, ile ya Waingereza chini ya William Mackinnon ikapata yake 1888, na mwaka huo huo Wajerumani walipoingia kutoza ushuru wa Mrima kwa mkataba na Sultani wa Unguja, Abushiri bin Salim akawaondokea kwa vita.

Huko Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, mambo yalikwenda kinyume, nami naona hapo ndipo penye ladha. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti wao kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walilisikia neno ukwangala: furaha ya kukaa na wenzio, kuzungumza, kula na kunywa pamoja, ambayo kwa ajili yake vijana wa rika moja waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Godfrey alifariki 1944, na Monica, akitafuta Kiingereza cha neno hilo, alirudi kwenye company ya kale. Alichagua vyema.

Matumizi yenyewe si magumu. “A company”, yenye kitangulizi, kwa kawaida ndiyo kampuni. “Company” tupu ni kuwa na watu. Na mtu akisifiwa kuwa ni “good company”, maana yake ni kwamba kukaa naye kunapendeza, wala hakuna hisa wala faida inayotajwa.

Tangu mwaka 1996 ipo kamusi ya Knut Felberg, iliyoweka Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili katika kitabu kimoja. Basi nawasihi walimu wa Isongole, wafikapo kwenye neno hili darasani, watangulize ukwangala, na kampuni ifuate.