Bei ya Dawa na Mzigo wa Ushahidi

Je, dola iliyoridhia soko la pamoja ina haki ya kupanga bei ya dawa? Wanafunzi wanaponiuliza swali hili, huwapeleka Ujerumani. Huko sheria iliamuru dawa za cheti cha daktari ziuzwe kwa bei moja nchini kote. Mwaka 2009 chama cha wagonjwa wa Parkinson kiliwaarifu wanachama wake kuwa DocMorris, duka la Uholanzi lililouza dawa kwa njia ya posta, lingewapa nafuu ya bei. Kesi ikafunguliwa, ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya.

Serikali ya Ujerumani ilijitetea kuwa bei moja huyanusuru maduka ya vijijini. Hoja hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, tarehe 19 Oktoba 2016 mahakama iliamua kuwa kanuni hiyo ilikwaza bidhaa za nje: duka lililo mbali haliwezi kumshauri mgonjwa ana kwa ana, hivyo hushindana zaidi kwa bei. Na dai la kulinda afya halikuwa na ushahidi wa kutosha.

Mwaka 2020 Ujerumani iliirudisha bei moja kupitia sheria ya bima ya afya, mvutano haukwisha.

Sisomi hapa ushindi wa soko dhidi ya mgonjwa. Mkataba wenyewe unaitambua afya kuwa sababu halali ya kuzuia biashara. Ninachosoma ni kwamba anayeitaja sababu hiyo sharti aithibitishe. Mtunga kanuni akusanye takwimu kabla ya kushika kalamu, si baada ya kushtakiwa.