Daftari na Vioja: Kriketi ya Maskati katika Vitabu vya Rekodi

Tarehe 18 Februari 2025, katika uwanja wa Al Amerat nje kidogo ya Maskati, timu ya kriketi ya Marekani ilitolewa yote kwa mikimbio 122. Kwa mechi ya ova 50 huo ni mtaji wa kimasikini, na wenyeji walikuwa na kila sababu ya kwenda mapumzikoni wakicheka. Hazikupita saa nyingi, Omani nao wakawa wameng'oka kwa 65. Katika mechi zaidi ya 4,000 za kimataifa za aina hiyo tangu 1971, hakuna timu iliyowahi kulinda idadi ndogo kama hiyo ikashinda bila ova kupunguzwa. Na kuna la ziada: mipira yote 366 halali ya siku hiyo ilirushwa na wazungushaji. Warushaji wa kasi hawakupewa hata mmoja, jambo lisilowahi kuonekana katika mechi hizo.

Mambo ya namna hii hupendwa sana na mashabiki wa besiboli na kriketi, michezo miwili iliyo jamaa, na kwa kawaida husimuliwa kama maajabu ya bahati. Msomaji hushangaa, huwasimulia wenzake barazani, basi. Ninachotaka kudai hapa ni kwamba kioja cha michezo ni zao la daftari kabla ya kuwa zao la uwanja. Pasipo mtu wa kuandika hakuna cha ajabu, na anayeamua mechi ipi iandikwe ndiye anayeamua nani awe na historia.

Chimbuko la tabia hii ya kuhesabu linaeleweka vizuri. Henry Chadwick, aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824 na kuhamia Marekani akiwa mtoto, alikuwa mwandishi wa habari za kriketi kabla ya kuigeukia besiboli. Yeye ndiye aliyeipa besiboli jedwali la matokeo linalochapwa magazetini, na mfano alioufuata ulikuwa daftari la alama za kriketi. Kwa hiyo utamaduni mzima wa takwimu ambao Wamarekani huuona kuwa roho ya taifa lao uliingia nchini kwao na mhamiaji. Tena kriketi ilikuwapo pale kwanza. Merikebu Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, ilipotia nanga New York mwaka 1840, ikiwa na bidhaa za Zanzibar na Maskati, klabu ya Knickerbocker iliyoandika kanuni za besiboli ilikuwa bado haijazaliwa, ilianzishwa 1845. Mechi ya kwanza ya kriketi baina ya nchi mbili ilichezwa New York mwaka 1844, Marekani na Kanada, miaka 33 kabla ya Uingereza na Australia. Aliyeishangaa Marekani kule Al Amerat alikuwa akimshangaa mchezaji mkongwe kuliko wote.

Turudi kwenye daftari. Mechi ile ya 2025 ilihesabika kwa sababu moja tu: mwezi Aprili 2019, katika mashindano ya Windhoek, Namibia, Omani na Marekani zote mbili zilipata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mechi hiyohiyo, kwa wachezaji haohao, ingechezwa miezi michache kabla ya hapo, isingeingia katika kundi lile la 4,000. Rekodi ya India ya 1985, waliolinda mikimbio 125 dhidi ya Pakistan, ingebaki ilivyo. Na rekodi hiyo ya India iliwekwa Sharjah, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Omani. Basi rekodi zote mbili, ya zamani na ya sasa, zimezaliwa Ghuba, mahali ambapo wananchi wenyewe hupenda zaidi kandanda. Sidhani kama hilo ni la kupuuzwa.

Kioja kikitazamwa peke yake hudanganya, na mfano bora ni wa Maskati vilevile. Tarehe 19 Februari 2019 Scotland waliwatoa Omani kwa mikimbio 24. Khawar Ali alipata 15. Katika waliobaki hakuna aliyevuka miwili. Wageni walizipata alama zao kwa ova tatu na mipira miwili. Kila orodha ya aibu za kriketi sasa ina namba hiyo, lakini orodha hizo hazisemi kwamba siku iliyofuata, uwanja uleule, Omani waliwashinda Scotland hao kwa mikimbio 93. Wala hazisemi kwamba miezi miwili baadaye timu hiyo ndiyo iliyotwaa kombe la Windhoek. Mwanahistoria anayeinukuu 24 bila ya 93 amekata ushahidi katikati.

Swali la nani yumo katika daftari ni zito zaidi. Bodi ya kriketi ya Omani ilianza 1979 chini ya Kanaksi Khimji, wa ukoo wa Kigujarati uliofungua biashara Maskati mwaka 1870. Sultani Qaboos alimpa cheo cha sheikh, na hutajwa kuwa Mhindu wa kwanza kukipata. Ligi ilisimama juu ya timu za makampuni, na wachezaji wengi wa taifa walikuwa waajiriwa waliotoka India na Pakistan, waliostahiki kwa ukaazi. Kwa miongo walicheza juu ya saruji na mchanga. Uwanja wa nyasi wa Al Amerat ulikuja mwaka 2012. Waliokuwapo zama za saruji nao bila shaka walitoa mambo ya kushangaza, ila hakuna kitabu cha rekodi kinachoyajua.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiione hali hii kuwa ngeni. Timu iliyoitwa Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la 1975 iliongozwa na Harilal Shah, na wachezaji wake, kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wengi walikuwa Waasia. Ilipoteza mechi zake tatu, na moja kati ya hizo, iliyochezwa Leeds dhidi ya India, ndiyo ushindi wa kwanza kabisa wa India katika Kombe la Dunia. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye aliandika riwaya na kuwa mshauri wa Rais Museveni. Wengi wanamkumbuka kwa kalamu yake kali gazetini, na wachache wanajua kwamba alicheza dhidi ya New Zealand pale Edgbaston. Bahari ya Hindi iliyopeleka maduka Maskati na Mombasa ilipeleka na gongo la kriketi, kwa watu walewale wa pwani moja.

Wapo wanaolalamika kwamba nchi ndogo zinachafua daftari. Wanataja Julai 2024, Charlie Cassell wa Scotland alipochukua wiketi saba kwa mikimbio 21 katika mechi yake ya kwanza, akiivunja rekodi ya Kagiso Rabada wa Afrika Kusini; waliotolewa walikuwa Omani. Je, wiketi za Omani zina uzito sawa na za Bangladesh, aliowavunja Rabada? Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini wanaoitoa huwa hawaifikishi mwisho. Mwezi huohuo Bilal Khan wa Omani alifikisha wiketi 100 katika mechi yake ya 49, haraka kuliko mrushaji yeyote wa kasi kabla yake, na wapinzani wake wengi walikuwa wa daraja lake. Anayetaka kufuta saba za Cassell afute na mia za Bilal, kisha aseme wazi kwamba daftari lifungwe kwa waliokuwamo kabla ya 1975. Kwa kipimo hicho ushindi wa India wa Leeds nao ungeondoka, maana ulipatikana dhidi ya timu ambayo haikuwahi kushinda hata mechi moja ya Kombe la Dunia.