Nani Anamjibu Mwanafunzi? Kozi za Mbali, Kutoka Posta hadi Simu ya Mkononi

Membley ni mtaa wa Ruiru uliozungukwa na vyuo. Ukielekea Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta hakiko mbali, pale Kahawa. Ukishika Thika Road kwenda juu utakutana na Zetech, kisha JKUAT ya Juja, na Mount Kenya mjini Thika. Katika nchi hii ya zamani ya mashamba ya kahawa, siku hizi hukosi mhadhiri anayekesha mbele ya tarakilishi akijaribu kugeuza noti zake kuwa kozi ya mtandaoni inayomshirikisha mwanafunzi. Wengi hudhani ufundi huo ulizaliwa pamoja na intaneti. La hasha. Intaneti iliukuta, na kwa miaka kadhaa ikaudhoofisha.

Kabla ya uhuru, karani au mwalimu wa Kenya aliyetaka cheti zaidi aliandikia shule za posta za Uingereza, kama vile Wolsey Hall ya Oxford. Somo lilikuja na meli, zoezi likarudi na meli, na alama zikafika mwanafunzi akiwa ameshasahau swali lenyewe. Mwaka 1967 kazi hiyo ililetwa nyumbani. Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, kilianzisha kitengo cha kozi za posta huko Kikuyu kwa msaada wa Marekani. Wateja wake wakubwa walikuwa walimu wa shule za msingi waliofundisha bila sifa kamili na waliotaka kupanda daraja bila kuacha darasa.

Kitengo hicho kinastahili heshima kubwa kuliko ile kinayopewa. Mwalimu alipokea kijitabu, akasikiliza kipindi cha somo hilohilo katika redio ya Sauti ya Kenya, akafanya zoezi na kulituma. Huko Kikuyu msahihishaji aliliandikia maelezo pembeni na kulirudisha. Redio ilikuwa sauti, kijitabu kilikuwa macho, lakini uti wa mgongo ulikuwa kalamu ya yule msahihishaji. Somo lililosubiri jibu la mwanafunzi, likalisoma, kisha likasema naye juu ya jibu hilo, ndilo somo shirikishi hata kama lilisafiri ndani ya gunia la posta.

Vyuo vingine vilifuata. Mwaka 1986 Nairobi ilianza kutoa shahada ya ualimu kwa masafa. Makerere ikafuata mwaka 1991. Tanzania ikatunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na miaka miwili baadaye kikapokea wanafunzi. Moduli za enzi hizo zilikuwa na nafasi tupu chini ya kila swali ili msomaji aandike kabla ya kufunua ukurasa. Wengi, tuseme ukweli, walifunua kwanza.

Wakati huohuo mashine zilikuwa zikijaribiwa kwingineko. Huko Illinois, Marekani, mfumo wa PLATO ulianza mwaka 1960 kumuuliza mwanafunzi maswali kwenye skrini na kumjibu papo hapo. Sisi tulionjeshwa teknolojia kwa mlango mwingine: mwaka 1997 Benki ya Dunia ilizindua African Virtual University, na Kenyatta ikawa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Mhadhara ulirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, mwanafunzi akiwa na swali akapiga simu. Makao makuu yalihamia Nairobi mwaka 2002. Ulikuwa mradi mkubwa, lakini ulipitisha maarifa upande mmoja zaidi ya ulivyosikiliza.

Mwaka huohuo wa 2002 alitokea Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyesoma utotoni kwa redio kutoka jangwani, akatoa Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi ambayo vyuo vyetu vingi vimejenga masomo yao ya mtandaoni juu yake. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, data ilianza kushuka bei, na vyuo vikaingia mtandaoni mbiombio. Hapo ndipo tulipojikwaa. Kilichopakiwa kilikuwa noti zilezile katika PDF, na slaidi zilizosomwa kwa sauti na kuitwa video. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kasoro hiyo iliwekwa hadharani: mwanafunzi alinunua bando ili apakue kurasa ambazo angeweza kupewa zimechapishwa.

Ufundi wenyewe ni mdogo na wa kuchosha. Chukua somo la takwimu. Mhadhiri anataka thamani ya kati ya mapato ya siku ya wanabodaboda watano wa Membley: shilingi 450, 1,100, 400, 550 na 500. Jibu ni 500. Kazi ngumu ni kutunga majibu ya uongo. Atakayechagua 400 amechukua namba iliyokaa katikati bila kuzipanga kwanza. Atakayechagua 600 amejumlisha na kugawa kwa tano, yaani ametafuta wastani. Kila kosa lipewe neno lake: yule aambiwe apange upya, huyu aulizwe ni mwanabodaboda yupi aliyempandishia hesabu. Programu kama H5P huuweka mpangilio huo kwenye simu kwa dakika chache. Lakini kujua kwamba wanafunzi watakosea hivyo, hilo hutoka kwa mtu aliyesahihisha karatasi nyingi.

Agosti 2023 Kenya ilipata chuo kikuu huria chake, Open University of Kenya, Konza, na tayari roboti za mazungumzo zinamjibu mwanafunzi usiku wa manane bila kuchoka. Sizidharau. Ila ningekabidhiwa fedha za kuandaa kozi, kamera ningeziacha kwa mwisho. Ningeanza kwa kukusanya vitabu vya majibu vya mitihani ya miaka mitano, na kumlipa mhadhiri mkongwe aketi navyo mwezi mzima, akiorodhesha makosa.