Kuta Mbele ya Kamera

Picha ya ukuta uliobambuka rangi wengi huiona kama pambo la sebuleni tu, kazi ya mpiga picha aliyeishiwa na mada. Historia yake inasema vingine. Brassaï, mzaliwa wa Brassó aliyehamia Paris mwaka 1924, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1930 kupiga picha michoro iliyokwaruzwa kwenye kuta za mji huo: nyuso zenye matundu mawili badala ya macho, mioyo, mafuvu. Baadhi zilitoka katika jarida la Minotaure mwaka 1933. Kitabu kizima kilingoja hadi 1960. Kwangu, kilichozipa picha hizo uzito wa ushahidi ni daftari lake, alimoandika ukuta uko wapi na kuuchora, apate kuurudia miaka ikishapita na kuona wakati umeufanya nini.

Mtu atauliza kama mwanga haudanganyi. Swali la haki kabisa. Jua la utosini huufanya ukuta ufanane na karatasi tupu. Likiupitia ubavuni asubuhi, kila mkwaruzo hupata kivuli chake, na ufa mwembamba huonekana mfereji. Mpiga picha ndiye achaguaye saa, kwa hiyo kina cha mkwaruzo kisipimwe kwa picha. Hata hivyo mwanga hauchori mstari usiokuwepo, na ukuta wenyewe haudumu. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti wa michoro ya vyombo vya baharini iliyochongwa kwenye lipu ya chokaa katika magofu ya pwani yetu, Kilwa miongoni mwao. Lipu hiyo, kwa mvua na chumvi, hubanduka. Kipande kikianguka, tanga na mlingoti huenda nacho, na nakala ndiyo inayobaki.

Pingamizi zito zaidi ni Aaron Siskind. Tangu miaka ya 1940 Mmarekani huyu alisogeza kamera karibu mno na kuta na mabango yaliyochanika, hata jengo likatoweka, na picha zikafanana na kazi za rafiki yake mchoraji Franz Kline. Ushahidi uko wapi hapo? Umo katika majina: nyingi aliziita kwa mji na mwaka tu, kama Chicago 1949. Ni kidogo, kwa sababu jina la mji bila mtaa halimfikishi mtu ukutani. Mwanahistoria atamtegemea zaidi Brassaï.