Unga wa majani kwa ng'ombe wa maziwa: mambo ya kujua kabla ya kupakia

Pumba na mashudu vinapopanda bei, wafugaji hutafuta protini kwenye majani ya miti: kaliandra, lusina na mlonge. Kwa mfanyabiashara hii ni bidhaa nzuri, lakini ikiharibika njiani hasara haiishii kwenye mzigo. Huingia hadi kwenye maziwa ya mteja.

THAMANI YAKE
Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, hivyo kulisafirisha mbali ni kulipia nauli ya maji. Kinachofaa kuvuka mpaka ni jani kavu, ambalo kilo 1 yake hukaribia kilo 1 ya chakula cha dukani. Basi bei ya jani kavu ikishafika kwa mnunuzi isizidi ya chakula hicho, la sivyo hutapata mteja wa kudumu.

KIASI CHA KULISHA
Mweleze mnunuzi kuwa majani haya ni nyongeza tu. Kaliandra ina tanini nyingi, na lusina ina sumu ya mimosini inayoweza kunyonyoa manyoya na kuleta rovu. Yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Nyasi zibaki kuwa msingi, kwani ng'ombe akikosa nyuzinyuzi mafuta ya maziwa hushuka. Majani yenye harufu kali yatolewe baada ya kukamua ili maziwa yasinuke.

HATARI YA SUMUKUVU
Majani yakipakiwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Mashudu na mahindi yanayochanganywa nayo yana hatari kubwa zaidi. Ng'ombe akila sumukuvu aina ya B1, sehemu yake hutoka kwenye maziwa kama M1 ndani ya siku moja au mbili, na kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha juu cha Codex ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu 0.05 tu.

Kwa hiyo kausha kivulini hadi jani livunjike mkononi, pakia viroba juu ya chaga, funika kwa turubai, na usichanganye na mzigo wa dawa za mimea au mbolea. Lori likikwama mpakani siku kadhaa wakati wa mvua, fungua ukague kabla ya kukabidhi.

KARATASI
Bidhaa ya mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea: Tanzania hutolewa na TPHPA, Kenya na KEPHIS. Uliza pia kibali cha kuingiza kabla gari halijaondoka. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hupunguza ushuru na karatasi za forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha, lakini haufuti ukaguzi wa afya ya mimea.

Mwisho, angalia lebo. Ukiandika kwamba unga wako "unatibu" ugonjwa wa kiwele, umetoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, na dawa ya mifugo husajiliwa kwanza. Andika jina la mti, uzito, tarehe ya kukausha na kiasi cha kulisha. Hayo yanatosha kuuza.