Makoti ya Theluji Tunduma

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti naweka magauni kando, natundika makoti. Ndiyo miezi ambayo baridi ya Mbozi inateremka mpaka kwetu, na dereva aliyelala kwenye foleni ya mpakani anaamka meno yanagongana. Makoti yangu ni mazito, yana kofia, zipu inapanda hadi mdomoni, na rangi zake hazina aibu: machungwa, kijani cha ndimu, waridi. Bodaboda wa Mpemba huvaa, hunyoosha mikono mbele kana kwamba kashika usukani, akiona kifundo hakibaki wazi tunaanza kupatana bei. Kwamba koti hilo lilishonwa kwa ajili ya mtu wa kuteleza mlimani juu ya theluji, hiyo si shida yake.

Mimi nimeyapekua miaka mingi, nayajua kwa ndani. Kiunoni kuna sketi fupi ya mpira yenye vifungo, ya kuzuia theluji isipande mgongoni mtu akianguka. Vijana huniomba niikate, inawabana. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kuna kimfuko cha zipu. Kule ni cha kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Mtu anapita getini, mashine inaisoma ikiwa humohumo. Huku kinaingia noti za chenji. Mengine yana kipande bapa kilichoshonewa ndani, ambacho waokoaji hukitafuta kwa mtambo mtu akifukiwa na maporomoko ya theluji. Na mara mojamoja tiketi yenyewe imebaki inaning'inia kwenye zipu, ina jina la mlima na tarehe. Hizo sizitupi. Mteja akisitasita namwonyesha: koti hili limeshafanya kazi penye baridi ya kweli, wewe unakwenda Vwawa tu.

Tunduma haikuanza na makoti haya. Nilipokuwa mdogo koti la baridi lilikuwa kabuti, na wenye makabuti walikuwa madereva. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, Zambia, iliyozoea kupitisha mizigo yake kusini, ilijikuta inaleta mafuta kutoka Dar es Salaam kwa malori. Barabara ile ya udongo iliua watu mpaka Waingereza wakaiita njia ya jehanamu. Malori yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba, yote yakipita hapa kwetu. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Kabuti likabaki palepale, zito, linanuka dizeli.

Nguo nyingine zilitoka dukani. Khanga na vitenge vilitoka Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar 1968, na baada ya vita vya Kagera duka likabaki na rafu zake. Tukawa tunavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Sisi Wanyamwanga mpaka umetupita katikati, ndugu zangu nusu wako ng'ambo ile, kwa hiyo kuvuka hakukuwa safari. Tulirudi na sabuni, mafuta ya kupikia, blanketi. Mwaka 1983 waziri mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata mwenye miche mitano ya sabuni uvunguni alilala na wasiwasi. Mama yangu alizika blanketi jipya shambani. Lilipofukuliwa mchwa walikuwa wamelitangulia.

Juni 1984 waziri wa fedha Cleopa Msuya aliposoma bajeti, kamba ikalegezwa. Mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa, na serikali haikumhoji kazipata wapi. Mitumba ilipita mlango huo. Wazee walisema ni nguo za maiti, kafa ulaya, kisha wakazivaa. Ng'ambo ya mpaka wanaziita salaula na wanazichambua kwa ukali kuliko sisi.

Belo la kawaida ni kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa kamba za plastiki. Ukikata kamba linatutumka. La makoti mazito lilikuwa la bei nafuu Dar, maana nani avae koti la theluji Ilala? Wauzaji wa Karume walitucheka sisi watu wa nyanda za juu. Lakini Makete na Njombe kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, na dereva anayepanda Kitonga usiku halafu akakesha Makambako hakuulizi fasheni. Biashara yangu imejengwa juu ya kicheko cha watu wa pwani.

Mwaka 2016, mwaka uleule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru iitwayo AGOA. Rwanda ilishika msimamo wake, ikaadhibiwa 2018. Wengine wakarudi nyuma, na mimi nikabaki kibandani. Siwezi kujifanya nilisikitika.

Aliyenifundisha makoti haya yanakokwenda yakiwa mapya ni mtoto wa kaka yangu, anayesoma uhandisi Ujerumani. Alikuja likizo ya Julai, akasalimia shikamoo shangazi, nikaitikia marahaba baba, na kabla hata hajaketi akaanza kuvuta makoti kwenye kamba.

"Shangazi, haya ndiyo wanayovaa kule."

"Najua. Ulidhani yameanguka kutoka mbinguni?"

"Mapya hayanunuliki. Suruali peke yake ni chakula changu cha mwezi."

Yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wanapanga kwenda Austria majira ya baridi kuteleza kwa ubao. Nikadhani ubao ni ubao. Akanichorea kwenye daftari langu la madeni. Wengi hutumia ubao laini na buti laini, wanaruka na kucheza. Wenzake ni kabila jingine, watu wa kuchonga kona. Ubao wao ni mrefu, mwembamba, mgumu. Buti ni la plastiki ngumu lenye vibano, linashikwa na vyuma mbele na nyuma, na nyayo zote mbili zinaelekea mbele kiubavu. Kwenye kona hawausukumi ubao pembeni ukakwaruza. Wanaulaza juu ya ukingo wake wa chuma. Kwa kuwa mbavu zake zimechongwa kuingia ndani, ukilazwa unapinda na kufuata upinde, nyuma unabaki mstari mmoja mwembamba. Hodari hulala mpaka kiwiko kinagusa chini.

Buti nilizitambua mara moja. Zamani kidogo belo la viatu mchanganyiko lilinitokea na jozi mbili za namna hiyo, nzito kama mawe ya kinu, na uzito wake nilikuwa nimeulipia. Aliyeniuzia alisema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Fundi baiskeli akachukua vibano vyake tu. Sasa kijana ananieleza kuwa namba iliyoandikwa ubavuni ilikuwa sentimita za unyayo, na kwamba kuna watu wanazunguka miji ya Ulaya kuzitafuta, kwa sababu watengenezaji wa buti hizo wamebaki wachache.

Ubao wenyewe si wa zamani. Krismasi ya 1965, wiki sita tu baada ya vituko vya Ian Smith, Mmarekani Sherman Poppen wa Michigan aliunganisha ski mbili zikawa chombo kimoja cha kuchezea binti zake. Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza mbao zake Vermont 1977. Miaka 21 baadaye mchezo ukaingia Olimpiki, Nagano, Japani, 1998.

Nagano hiyohiyo ndiyo ya Philip Boit, Mkalenjin wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800. Kampuni ya Nike ilimpeleka Finland 1996 akajifunze ski za nyika, yeye ambaye hakuwa ameona theluji. Nyumbani alifanya mazoezi kwa ski za magurudumu juu ya lami. Kwenye kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, karibu dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda. Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa medali kabla Boit hajafika, akamsubiri mstarini na kumkumbatia. Boit akamwita mwanawe Daehlie. Alirudi tena 2002 na 2006. Watu hupenda mambo ya kumbatio. Mimi mtu wa mizigo naangalia kwanza nani alinunua vifaa, na jibu ni kampuni. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye ski za milimani Pyeongchang 2018, alihamia Austria akiwa mtoto wa miaka mitatu na baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya ski. Brolin Mawejje wa Uganda aliujua ubao baada ya kuhamia Marekani. Hakuna aliyeanzia Kariakoo na begi lake mwenyewe.

Safari ya ng'ambo yenye vifaa vya theluji inayotugusa zaidi ilikuja kinyume. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, wakateremka kwa ski. Fikiria maandalizi yake: ski zimevuka bahari kuja nchi ya joto, na reli ya Tanga ilikuwa imefika Moshi mwaka uliotangulia tu. Kutoka hapo mizigo ya wapandaji wa enzi zile ilikwenda kwa mabega ya wapagazi. Barafu moja ya kileleni hadi leo inaitwa Furtwängler. Mwaka huohuo Wajerumani wengine, Klute na Oehler, walikuwa mlimani humo, na ramani iliyotokana na safari yao ndiyo wataalamu wanayoanzia kuhesabu barafu ya Kilimanjaro. Kati ya 1912 na 2007 imepungua kwa karibu asilimia 85. Kuteleza kumepata jina kwenye ramani. Kubeba hakukupata, na mimi nikiwa na belo la theluji kichwani mwa mchukuzi stendi ya Tunduma najiona upande wa wapagazi.

Wafanyabiashara wenzangu wanaokwenda Dubai kufuata mzigo wameiona theluji bila mlima. Tangu 2005 iko ndani ya jengo la maduka, mteremko mrefu wa mita 400, nje jua linachoma. Koti na buti wanakodisha mlangoni. Mmoja alirudi akaniambia koti alilopewa lilikuwa bovu kuliko ninayouza.

Kijana aliondoka na suruali mbili, koti jeusi, glavu na miwani mikubwa iliyokuwa imelala chini ya meza tangu mwaka jana. Nilimtoza nusu bei, damu ni damu. Suruali moja ilikuwa na lebo ya duka la Munich, mji uleule anaosoma. Februari akanitumia picha: yuko chali, kofia pembeni, ubao wa kukodi miguuni, mwenzake anacheka. Suruali haikupitisha maji. Ubao, anasema, ndio unaokula fedha, na mbao hazifiki kwetu kwa kuwa hazikunjiki wala mashine ya belo haiwezi kuzibana.

Sasa ananisumbua kwa buti. Ameandika namba yake, 27.5, na za wenzake watatu; wakizipata mitumbani watalipa vizuri, usafiri juu yao. Nimempigia ninayechukua kwake viatu Dar nikamwambia akiona buti za plastiki zenye vibano asizitupe. Akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu, halafu akataka malipo ya awali.